Nyumba chini ya udongo: wazee walijichimbia namna gani?

Katika hadithi zetu za kando ya ziwa Tanganyika, wako wengi wanaokaa chini ya udongo. Sungura ana shimo lake, joka liko katika pango, na mtoto aliyefukuzwa na mama wa kambo anakuta kijiji kizima chini ya ardhi. Wanafunzi wetu wanazipenda sana habari hizo, hata wanaziingiza katika michezo ya kuigiza wanayotunga. Lakini uwaulize: moshi wa huyo mtu unatokea wapi? Na ule udongo aliochimba, aliutupa wapi? Wananyamaza. Wazee walisema: njia ya mwongo ni fupi. Hadithi ni ya kubuni, ndiyo, lakini nyumba iliyo ndani yake inapaswa kusimama. Njo maana tutaangalia kwanza watu wa kweli waliojichimbia, kisha tutaona namna gani mtunzi wa hapa Uvira anaweza kumjengea mtu wake.

1. Watu wa kweli

Tukamate mfano wa Wairaqw wa Mbulu, kaskazini mwa Tanzania. Zamani walichimba katika mteremko wa kilima, wakajenga nyumba ambayo nusu yake iko ndani ya mlima. Paa lilikuwa bapa, limefunikwa udongo, likaungana na kilima chenyewe. Mtu aliyetoka juu aliweza kukanyaga paa bila kujua kama chini yake kuna watu na mifugo. Walifanya hivyo kwa sababu ya Wamasai waliokuja kunyang'anya ng'ombe.

Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa na hofu ileile, lakini wao walikwenda chini zaidi. Kule Marangu na Mamba walichimba mahandaki, na mageni wanayatembelea hata leo. Mlango ulikuwa mwembamba, mtu anaingia kwa kuinama, mmoja mmoja. Adui akiingiza kichwa, aliye ndani anamuwahi. Wenyeji wanasimulia kwamba udongo uliochimbwa ulitupwa mtoni, maji yakaubeba, ili adui asione chungu la udongo mpya na kuuliza umetoka wapi. Muone akili hiyo! Na tena muangalie jambo hili: Wachaga hawakuhamia chini. Nyumba zao zilikuwa juu, katikati ya migomba. Handaki lilikuwa la siku ya hatari.

Kwenye mlima Elgon, kati ya Kenya na Uganda, watu walikaa katika mapango pamoja na ng'ombe wao. Mskoti Joseph Thomson aliyaona mwaka 1883, akashindwa kuamini kwamba ni kazi ya watu wa pale. Leo tunajua kwamba tembo wenyewe wanaingia mle usiku, kama katika pango la Kitum, wanakwangua ukuta kwa pembe zao wakitafuta chumvi. Watu nao walichimba chumvi hiyo kwa ajili ya mifugo.

2. Fundisho la mashimo ya Wasirikwa

Kuna mfano mwingine ambao mwalimu wa historia hawezi kuuacha. Katika nyanda za juu za Kenya kuna mashimo mengi ya mviringo, mengine yamezungushiwa mawe. Wakalenjini wanasema ni ya Wasirikwa, watu waliowatangulia pale. Zamani wageni wengi waliandika kwamba watu hao walikaa ndani ya mashimo, wakayafunika kwa paa. Neno likaenea: watu wa mashimo.

Mary Leakey alichimba Hyrax Hill karibu na Nakuru mwaka 1937 na 1938. Katika miaka ya 1960 John Sutton akaendelea na utafiti huo mahali pengi, na jibu likawa lingine kabisa. Shimo lilikuwa zizi la ng'ombe. Nyumba ya watu ilijengwa kando, ikaungana na zizi kwa mlango. Walijuaje? Kwa sababu ya uchafu! Nje ya lango, upande wa chini wa mteremko, kulikuwa na chungu la samadi na matope yaliyotolewa zizini mwaka kwa mwaka.

Munaona? Aliyeuliza taka zilitupwa wapi ndiye aliyerudishia watu hao heshima yao. Aliyetazama shimo peke yake aliwafanya kama wanyama wa tunduni. Mtunzi wa hadithi naye anaweza kuwakosea wazee vilevile, kama anamuweka mtu shimoni bila kusema ni nini kilimpeleka huko.

3. Kwetu Uvira

Uvira iko kati ya ziwa na milima ya Mitumba, kama mtu aliyebanwa kati ya ukuta na maji. Burton na Speke walifika hapa kwa mitumbwi Aprili 1858. Livingstone na Stanley walifika pembe hii ya ziwa Novemba 1871, wakaona kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Katika miaka ya 1880 watu wa Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji, walitawala pwani hizi, na biashara ya pembe na ya watumwa ilileta kilio. Basi mtunzi wetu ana sababu ya kweli ya kumficha mtu wake: mama mmoja na watoto wawili, mwaka 1885 tuseme, wakikimbia washika watu.

Wapi atachimba? Si kando ya ziwa. Chimba kidogo tu, maji yanakuja. Si karibu na mito inayoshuka mlimani. Aprili 2020 Mulongwe ilijaa usiku, ikabeba nyumba, na makumi ya watu walikufa. Si katika udongo mlegevu pia. Kule Kamituga, tarehe 11 Septemba 2020, mvua iliangusha mashimo ya dhahabu, watu wapatao 50 wakafia ndani. Udongo hausamehe.

4. Nyumba yenyewe

Basi mama huyu atapanda juu, kwenye mgongo wa kilima ambapo maji hayakai. Atachimba kwa kuingia mlimani kama Mwiraqw, si kwa kushuka chini kama kisima. Sakafu itainamia mlango kidogo, ili maji yakiingia yatoke yenyewe. Atafanya kazi kiangazi, Juni hadi Agosti, udongo ukiwa mkavu, na kuutupa katika korongo, ili mvua za kwanza zije kuufagia. Juu ya mlango atakaza miti, maana hapo ndipo panapoanguka kwanza.

Hewa inataka tundu mbili: ya chini iingize, ya juu itoe, ndani ya kichaka. Moto ukikosa nguvu, mtu naye yuko karibu kukosa. Mwanga je? Milima yetu inatazama mashariki. Asubuhi jua linatoka upande wa Burundi na kuingia mpaka ndani. Saa kumi limekwisha kujificha nyuma ya mlima, na mle ndani ni giza. Lakini mlango unaoona ziwa, ziwa nalo linauona! Moto wa usiku utaonekana toka mitumbwini. Kwa hiyo atapika alfajiri, wakati ukungu unachanganyika na moshi, na usiku atafunika makaa kwa majivu. Ndagala hataweka, harufu yake itamsaliti. Mahindi atayatundika juu ya moto, kwani unyevu unaozesha kila kitu. Na mtoto mdogo akianza kukohoa? Hapo hadithi imeanza yenyewe, bila mtunzi kuisukuma.

Hakuna taa za ajabu wala viti vya kifalme katika nyumba hii. Kuna hofu, na kuna akili iliyoshinda hofu. Oktoba 1996, vita vilipofika Uvira, familia nyingi zilikimbia, na hata leo wako wazazi wanaojua namna ya kumnyamazisha mtoto gizani. Ndugu walimu na wazazi, kabla mtoto hajaandika habari ya mtu wa chini ya udongo, mumtume kwanza kwa mzee wa jirani. Aulize: mulijificha wapi, mulikula nini, moshi mulifanya namna gani? Akirudi na majibu hayo, atakuwa na hadithi inayosimama, na mzee huyo atakuwa amesikilizwa.