Gengetone Haikuuawa na Fomula

Kuna sentensi moja nimeichoka. Ukiweka ngoma yoyote ya vijana wa Nairobi kwa spika, lazima kuwe na msee wa kusema, "Hizi ngoma zote ni moja tu." Kiki ni ile ile, besi ni ile ile, snea inalia pale pale. (Kiki ninayosema hapa ni ile ngoma nzito ya chini inayosema "du", si kiki ya udaku.) Halafu anafunga kesi kama jaji: ndiyo maana gengetone ilikufa.

Mimi nasema huyo msee amesikia vizuri lakini amehukumu vibaya. Ni kweli zinafanana. Lakini muziki wa hii nchi ulianza kufanana kabla babu zetu wanunue redio, na kila kizazi kimelalamika vivyo hivyo. Kama fomula ingekuwa sumu, tungekuwa tumeshazika muziki wetu mara tano.

Naandika hii nikiwa Mwiki, ile ya upande wa Ruiru, si ile ya Kasarani. Kwa ploti yetu kuna chalii wa miaka 19 anatengeneza mabiti kwa laptopu ya mitumba. Hajasomea muziki popote, vile mimi sikumaliza campo. Anafungua programu, anaona visanduku 16 vimepangwa mstari mmoja, anaanza kujaza. Historia ninayotaka kukupigia iko ndani ya hivyo visanduku, basi tuanze hapo.

Nyimbo nyingi tunazodansi zina mapigo manne, yanarudi na kurudi. Kata kila pigo mara nne, unapata visanduku 16. Sasa chukua saikedeliki transi, muziki uliokulia kwenye fuo za Goa, India, miaka ya tisini mwanzoni. Sheria yake kubwa ni hii: kisanduku cha kwanza ni cha kiki, vitatu vinavyofuata ni vya besi. Kiki, besi, besi, besi. Unarudia mara nne, kwa mbio ya mapigo 140 hadi 150 kwa dakika. Wimbo unaweza kwenda dakika nane na hiyo sheria haivunjwi, isipokuwa pale biti inapopumzishwa kidogo ili irudi na nguvu.

Kwa nini? Si uvivu. Kiki na besi zinaishi nyumba moja, kule chini kabisa kwa sauti. Zikigonga pamoja zinapigana, na spika inakutolea matope. Kwa hivyo kila moja ikapewa zamu yake. Fomula ilianza kama jibu la shida ya spika, ikakaa hadi ikawa sheria, na sai watu wa huo muziki wanaweza kumaliza wiki nzima wakipima urefu wa noti moja ya besi.

Shika hiyo point, kwa sababu inarudi kwetu. Fomula nyingi zilianza kama jibu la shida fulani. Tunasahau shida, tunabaki na jibu, halafu tunauliza mbona kila mtu ana jibu moja.

Twende ziwani. Nyatiti ya Waluo ina nyuzi nane na inapigwa na mtu mmoja ameketi chini. Mikono yote miwili iko kwa nyuzi. Nani atashika mdundo? Kidole cha mguu. Mpigaji anavaa pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu na kuigonga kwa mbao ya chombo, na njuga zinalia kwa kifundo. Huyo mtu mmoja ni kiki, ni besi, ni gitaa, ni mwimbaji. Mguu haukuwa na nafasi ya maringo. Ulilazimika kurudia kitu kimoja ili mdomo uwe huru kusifu, kucheka watu na kuomboleza.

Gitaa lilipofika, vidole vikahamisha mchezo wa nyatiti kwenye nyuzi za chuma, na kufikia miaka ya sitini tukawa na benga. D.O. Misiani na Shirati Jazz yake walifanya hiyo kitu ijulikane kote. Sikiza benga kumi za miaka ya sabini: utasikia sehemu ya kuimba, kisha sauti inanyamaza na magitaa yanatimka kama ng'ombe wameona maji. Karibu kila wimbo uko hivyo. Nyingi zilikatwa katikati ili zitoshee kwenye santuri ndogo, nusu upande A, nusu upande B. Hakuna aliyesema Misiani ni mvivu kwa sababu wimbo wa jana na wa leo una mbio ile ile. Watu walikuwa wanangoja kusikia leo anamsema nani.

Fomula hiyo ikapanda basi ikaja huku kwetu. Daniel Kamau, yule DK, akaipa maneno ya Kikuyu, na watu wa Murang'a na Thika wakaidansi kama vile ilizaliwa shambani kwao. Baadaye ikaja mugithi. Neno lenyewe ni treni, kwa sababu watu wanashikana viuno na kuzunguka baa kama mabehewa. Mugithi ya mtu mmoja ni gitaa, maikrofoni na mashine ya ngoma. Kiki inatoka kwa mashine na haichoki hadi asubuhi. Ukipita baa za Ruiru Ijumaa usiku, utasikia nyatiti imerudi bila mtu kuiita: mtu mmoja, mdundo usiobadilika, mdomo uliofunguliwa.

Sasa njoo miaka ya 2000, pale ambapo kelele zinafanana na za leo kabisa. Ogopa DJs walikuwa na E-Sir, Nameless na Longombas. Biti zao zilikuwa za kuruka, na zilitoka studio zikiwa na harufu moja. Wana hip hop, waliokuwa wamesikia Kalamashaka kutoka Dandora wakirapu maisha magumu ya mtaa, hawakufurahishwa. Jina "kapuka" lilianza kama kejeli. Inasemekana lilikuwa la kuigiza biti yenyewe: ka-pu-ka, ka-pu-ka. Yaani jina la muziki mzima lilikuwa tusi kwa kiki na besi zake. Upande wa pili Clemo alikuwa na Calif Records, na Nonini na Jua Cali wakaita yao genge. Nayo ikaambiwa ni kelele za watoto.

Wana hip hop walikuwa na hoja. Waliogopa kwamba biti tamu ingefanya watu wasisikize maneno. Lakini E-Sir alikuwa akipanda juu ya biti hiyo hiyo kwa Kiswahili kilichonyooka na kenye utani, na alipofariki kwa ajali ya barabara Machi 2003, nchi haikulia kwa sababu ya kiki. Ililia mdomo.

Halafu 2018. Ethic, vijana wanne wa Umoja, wanatoa "Lamba Lolo". Mwaka uliofuata Sailors wanatoka na "Wamlambez" na nchi nzima inajibu. Chini ya gengetone nyingi kuna mdundo uliosafiri sana. Mwaka 1989 huko Jamaika, Steely na Clevie walitengeneza biti inaitwa "Fish Market". Mwaka 1990 mdundo wa aina hiyo ukabeba "Dem Bow" ya Shabba Ranks. Ukapita Panama, ukafika Puerto Rico, ukawa uti wa mgongo wa regetoni, halafu ukashuka Thika Road ndani ya nganya. Kwa vile visanduku 16, kiki iko namba 1, 5, 9 na 13, na snea iko 4, 7, 12 na 15. Jaribu kugonga kwa meza. Mkono mmoja unatembea, mwingine unachechemea. Huo mchechemeo ndio unakusukuma kiuno.

Na tena fomula ilikuwa jibu la shida. Shida ilikuwa doo. Kijana asiye na bendi, asiye na ada ya studio kubwa, alihitaji sakafu iliyo tayari ili asimame aongee. Biti ilikuwa ya kuazima, lakini mdomo haukuwa wa kuazima. Hakuna mtu Kingston angeweza kuongea Sheng ya Umoja.

Basi nini kiliua? Corona ilifunga klabu mwezi Machi 2020, na shoo ndizo zilizokuwa zinalipa. Hiyo usiisahau ukimlaumu mtu. Lakini ndani ya muziki wenyewe, mimi naona hivi: vikundi vilivyokuja nyuma viliazima sakafu, kisha vikaazima mdomo pia. Mwito ule ule, fumbo lile lile la kitandani, kelele ile ile ya kuanza. Ile sehemu moja iliyoachwa wazi, ambayo mguu wa nyatiti ulikuwa umeilinda miaka yote, ikajazwa kwa kunakili. Mashabiki walisema "zote ni moja" wakidhani ni kiki imewachosha. Kiki ilikuwa hivyo tangu mwanzo na waliipenda.

Ushahidi wangu ni arbantone. Kuanzia 2023 hivi, kina Gody Tennor na Tipsy Gee wanapanda juu ya biti za enzi za kapuka na genge, zile zile zilizotukanwa, na mtaa unapagawa. Tusi la 2003 limekuwa hazina miaka 20 baadaye. Fomula haijabadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni anayeongea.

Kuna jambo moja linanipa baridi, na linamhusu yule chalii wa ploti yetu. Mwaka 2021 Clevie na upande wa Steely, aliyefariki 2009, walienda mahakamani kule California wakidai nyota wa regetoni wanatumia mdundo wao bila ruhusa. Mwaka 2024 jaji alikataa kuitupa kesi, akasema iendelee. Je, mpangilio wa kiki na snea unaweza kuwa na mwenyewe, kama ploti yenye hati?

Ninaelewa uchungu wao. Hata hapa River Road wanamuziki wengi waliuza wimbo kwa malipo ya mara moja, wakaenda nyumbani, wimbo ukaendelea kutajirisha mtu mwingine. Fomula ina mikono iliyoitengeneza, na kuiita "ya wote" mara nyingi ni njia ya kutolipa maskini. Lakini visanduku vikipigwa ua, mtu wa kwanza kufungiwa nje atakuwa kijana wa Mwiki mwenye laptopu ya mitumba, si nyota mwenye mawakili.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Ukichukua sauti iliyorekodiwa ya mtu, iwe ya Jamaika au ya kapuka, omba na ulipe. Arbantone isipojifunza hilo mapema, itarudia wizi wa River Road kwa mikono ya vijana wenzetu. Ukichukua mpangilio wa kiki, chukua, lakini ujue jina la aliyekutangulia na ulitaje. Na mdomo usichukue wa mtu yeyote.

Leo usiku fanya hivi. Panga ngoma nne: moja ya Misiani, moja ya E-Sir, "Lamba Lolo", na arbantone yoyote unayoipenda. Zicheze kwa huo mpangilio, na usisikize kiki, maana hiyo utaisikia tu. Sikiza nani anaongea juu yake na anasema nini ambacho mwingine hangeweza kusema. Ukishamaliza, uje uniambie kama zote ni moja.