Mstatili Uliomtangulia Pythagoras

Wanafunzi wetu hufundishwa kanuni ya Pythagoras kana kwamba ilizaliwa na Mgiriki huyo wa kisiwa cha Samos, katika karne ya 6 K.K. Ushahidi wa udongo unakataa. Mwaka 1962, katika kilima cha Tell al-Dhiba'i, pembezoni mwa Baghdad, kilifukuliwa kibao kilichoandikwa mnamo 1770 K.K., enzi za dola ya Eshnunna, na Taha Baqir, mwanaakiolojia wa Iraki, akakichapisha mwaka huohuo. Swali lake ni fupi: mstatili una eneo la 0.75, na mshazari wake, yaani mstari wa kona hadi kona, ni 1.25. Urefu na upana ni kiasi gani? Karani aliandika kwa hesabu za msingi wa sitini, lakini hatua zake tunaweza kuzifuata kwa desimali. Anazidisha eneo kwa mbili, 1.5, kisha anaitoa katika kipeo cha pili cha mshazari, 1.5625. Inabaki 0.0625, ambayo kipeuo chake, 0.25, ndiyo tofauti ya urefu na upana. Nusu ya tofauti, 0.125, anaizidisha kwa yenyewe, anajumlisha na eneo, na kipeuo cha jumla hiyo ni 0.875. Akiongeza 0.125 anapata urefu, 1. Akipunguza anapata upana, 0.75. Hakuishia hapo. Alirudi kuhakiki: alijumlisha vipeo vya pili vya pande hizo, akatafuta kipeuo cha jumla, akapata mshazari uleule, akazidisha pande, akapata eneo lilelile.

Atatokea wa kusema namba zimepangwa, maana pande na mshazari viko katika uwiano wa 3, 4 na 5 ambao fundi angeweza kuujua kwa mazoea. Zimepangwa kweli, kama zoezi lolote la darasani. Lakini njia yenyewe haitegemei namba hizo, na ni vigumu kueleza kwa nini mtu atoe eneo mara mbili kama haoni kwamba mraba wa mshazari hubeba pembetatu nne, kila moja nusu ya mstatili, zikizunguka mraba mdogo wa tofauti ya pande. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kutumia kanuni si kuithibitisha. Hilo nalikubali bila kinyongo. Ila uthibitisho tulio nao kwa maandishi ya Kigiriki ni wa Euclid, mnamo 300 K.K.; Pythagoras hatuna andiko lake hata moja. Jina lake na libaki vitabuni, lakini waandishi wa vitabu vya hisabati waweke kando yake swali la karani wa Eshnunna, pamoja na hatua zake zote. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kulimaliza katika kipindi kimoja.