Shata la duka likianza kuwa zito: dalili za springi inayokufa na namna ya kubaki salama

Ukipita Kwa Sadala asubuhi, kuanzia njia panda ya kupanda Masama mpaka huku sokoni, mlio ni ule ule: krrrrr! Mashata yanapanda, maduka yanafunguliwa. Duka la pembejeo, la vipuri, la simu, labda hata kafe uliyokaa sasa hivi, nyingi zina mlango huo wa bati unaojiviringisha juu. Na anayeupandisha mara nyingi siyo bosi. Ni kijana wa dukani, yule anayewahi kufika kuliko wote. Makala hii ni yake.

Jambo lenyewe ni moja tu: shata halibebwi na mikono yako, linabebwa na springi. Springi ikichoka, mzigo wote unarudi kwako, na haupigi hodi.

SHATA LINAFANYAJE KAZI

Juu ya mlango, mara nyingi ndani ya boksi, kuna bomba nene ambalo mabati yanajiviringisha juu yake. Ndani ya bomba hilo kuna shafti ya chuma isiyozunguka, na kwenye shafti kuna springi, moja au kadhaa. Ncha moja ya springi imefungwa kwenye shafti, nyingine kwenye bomba. Ukishusha mlango, bomba linazunguka na springi inakazwa, kama saa ya zamani unapoijaza. Ukipandisha, springi inajifungua na kukusaidia kuinua.

Sasa tupige hesabu. Bati la chuma la milimita 1 lina karibu kilo 8 kwa kila mita ya mraba. Mlango wa mita 3 kwa 3 una mita 9 za mraba. Hapo una kilo 70 na ushee, bado hujahesabu mikunjo ya bati na chuma kizito cha chini. Yaani ni zaidi ya mfuko wa saruji wa kilo 50, unaning'inia juu ya kichwa chako. Springi ikiwa nzima huusikii uzito huo. Ikikatika, unausikia wote kwa mpigo.

Kumbuka pia: springi imekazwa zaidi mlango ukiwa CHINI. Na hata ukiwa juu kabisa, bado ina nguvu kiasi, kwa sababu fundi aliikaza kabla ya kufunga. Kwa hiyo usidanganyike kwamba mlango uliotulia hauna hatari.

KWA NINI INAKUFA

Springi haifi kwa uzee wa miaka, inafa kwa idadi ya safari. Chukua waya, kunja, kunjua, kunja, kunjua. Mwisho unakatika. Springi nyingi za kawaida za milango ya gereji hutengenezwa kwa makadirio ya safari 10,000, safari moja ikiwa kupanda na kushuka. Tuchukue makadirio hayo hayo. Ukifungua na kufunga mara 2 kwa siku, utapata kama miaka 13. Ukiushusha na kuupandisha mara 10 kwa siku, kila mnapokwenda kula, kuswali au kukimbia mvua, ni siku 1,000 tu. Hata miaka 3 haifiki.

Halafu kuna kutu. Mvua za Machi mpaka Mei zikipiga, boksi lenye tundu linaingiza maji. Kiangazi vumbi linaingia na kushikilia unyevu. Kutu inakula waya sehemu moja, na hapo hapo ndipo ufa unapoanzia.

DALILI ZA KUANGALIA

1. Mlango umekuwa mzito kuliko wiki iliyopita. Hii ndiyo dalili ya kwanza, na ndiyo watu wanaipuuza. Ukiona mnaanza kuitana wawili kuinua, siyo kwamba hujala.
2. Ukiuacha katikati, haukai. Mlango uliosawazishwa vizuri hutulia au husogea taratibu. Ukishuka kwa kasi, springi imechoka.
3. Unapanda upande upande, kona moja juu nyingine chini. Huenda moja kati ya springi imekatika na zilizobaki zinabeba mzigo wake. Hazitadumu.
4. Mlio mkubwa "PAA!" kama tairi limepasuka, halafu hakuna tairi lililopasuka. Hapo springi imekatika, na wakati mwingine inakatika usiku hakuna mtu.
5. Unga wa kutu au vipande vya chuma vinadondoka chini ya boksi.
6. Shata linakwamakwama au linaruka, au nati za mabano ya pembeni zimelegea.

UFANYE NINI UKIONA DALILI

Kama mlango uko CHINI: uache chini. Usiulazimishe. Tumia mlango wa nyuma kama upo. Hasara ya mauzo ya nusu siku unaweza kuirudisha, mguu huwezi.

Kama uko JUU na unaogopa utashuka: ondoa watu wote chini yake, wateja na watoto kwanza. Usisimame katikati na usiusukume juu kwa mabega. Kama unaweza kufika pembeni bila kupita chini ya mlango, funga klempu imara au koleo la kubana kwenye reli zote mbili, chini kabisa ya chuma cha mwisho, ili usishuke. Kama huwezi kufika bila kupita chini, acha. Weka kamba au viti kuzuia njia, subiri fundi.

Kama UNASHUKA mbele ya macho yako: kimbia. Usiudake. Mlango usio na springi unafika sakafuni kwa sekunde moja au mbili, hauna muda wa kufikiria mara ya pili.

Mambo ya kuacha kabisa:

- Gongo. Kuegemeza mti au nondo chini ya shata na kuendelea na biashara ni mchezo mbaya. Mteja mmoja akiligusa na begi, kwisha habari.
- Kulegeza nati za pembeni "tuone kuna nini". Nati hizo ndizo zinazoshika shafti. Ukizilegeza springi ikiwa imekazwa, shafti inazunguka ghafla na chochote ulichoshika kinapiga mkono au uso.
- Kuchomelea springi iliyokatika. Hili lisemwe kwa sauti: SPRINGI HAICHOMELEWI. Chuma chake kimeandaliwa maalumu kiweze kujikunja na kurudi. Moto wa kuchomelea unaharibu sifa hiyo, na itakatika tena pembeni ya pale palipochomelewa. Safari hii mtu akiwa ameiamini.

Kama shata ni la umeme, tahadhari moja zaidi. Umeme ukikatika watu huvuta kamba au mkono wa kuachia mota ili wautumie kwa mkono. Mlango ukiwa juu na springi ina wasiwasi, usivute. Mota ndiyo inaweza kuwa kitu pekee kinachoushikilia. Marekani sheria inataka mota mpya za gereji za nyumbani ziwe na uwezo wa kurudisha mlango juu ukigusa kitu. Lakini ulinzi huo ni wa mota, hauchukui nafasi ya springi.

KUMPATA FUNDI SAHIHI

Fundi wa kuchomelea mageti siyo lazima ajue springi. Muulize maswali haya kabla hajapanda ngazi:

- Utatoaje nguvu ya springi kabla ya kufungua nati? Anayejua atakueleza atakavyoishika shafti kwa spana kubwa ya mabomba au vyuma maalumu na kuilegeza kidogo kidogo. Akikuonyesha bisibisi, mshukuru, mwambie aende.
- Utaweka springi ya kipimo gani? Lazima apime unene wa waya, upana na urefu wa ile ya zamani. Kwa springi yenye upana na mizunguko ile ile, waya wa milimita 7 una nguvu karibu mara mbili ya waya wa milimita 6. Tofauti ya milimita moja tu! Springi dhaifu inaangusha mlango, yenye nguvu mno inaurusha juu.
- Utabadilisha ngapi? Kama ziko mbili za umri mmoja na moja imekatika, ya pili iko njiani. Badilisha zote.

Akimaliza, mwambie auache mlango katikati mbele yako. Usipotulia, kazi haijaisha.

AJALI IKITOKEA

Usimvute mtu aliyebanwa. Inua mlango kwa jeki ya gari, na kila unapopanda kidogo weka matofali au mbao chini yake usirudi. Damu ikitoka, bana jeraha kwa kitambaa safi. Kama amepigwa kichwa, shingo au mgongo, asigeuzwegeuzwe. Mpelekeni hospitali hata akisema yuko fiti, maana damu inaweza kuvuja ndani bila kuonekana. Kwa Kwa Sadala kuna Hospitali ya Wilaya ya Hai kule Boma Ng'ombe, Hospitali ya Machame, na KCMC Moshi kwa mambo makubwa. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, ya dharura ya polisi ni 112.

HAKI YAKO KAZINI

Kijana wa dukani, kusema "bosi, hili shata ni bovu" siyo jeuri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inampa mwajiri wajibu wa kulinda usalama wako. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi 2015. Anayechangia ni mwajiri, wewe hukatwi mshahara. Muulize bosi wako kama amejisajili. Na dalili ukiziona, mtumie ujumbe wa simu badala ya kusema kwa mdomo tu, ili ibaki kumbukumbu.

MATUNZO MADOGO

Futa reli kwa kitambaa kikavu kila wiki na usizijaze grisi, inakusanya vumbi. Ziba tundu za boksi kabla ya masika. Mara moja kwa mwaka fundi afungue boksi, aangalie kutu na kupaka oili kwenye springi. Na usilivutevute shata ambalo bado lina kufuli chini.

Ndiyo hivyo wadau. Kesho asubuhi ukishika mkono wa shata, usikilize uzito wake kwanza. Mwenye swali au nyongeza, hasa mafundi wa Moshi, Boma na Arusha, sanduku la maoni liko hapo chini.