Nguruwe na Filimbi

Mara ya kwanza kusikia Pig and Whistle nilidhani ni jokes. Nguruwe na filimbi, Meru? Kumbe ni jina la hoteli ya enzi za mkoloni pale mjini, na ni jina ambalo baa nyingi za Uingereza zimelibeba. Mlowezi alikuja na kila kitu, hadi utani wa kwao.

Ukishuka Embu unakuta Izaak Walton Inn. Huyo Walton ni Mwingereza aliyeandika kitabu cha uvuvi mwaka 1653. Embu hakuijua. Lakini walowezi walipandikiza samaki aina ya trauti kwenye mito ya Mlima Kenya, wakapata pa kuvua, na jioni wakataka pa kunywea kama kwao.

Kwa Kiingereza, baa ya kijijini huitwa nyumba ya umma. Sasa umma ni nani? Kenya Breweries ilianza mwaka 1922, lakini sheria ilimkataza Mwafrika bia ya chupa hadi miaka ya 1940. Whisky alingoja hadi miaka ya 1950. Kabla ya hapo, Mwafrika kwenye baa ya mzungu alikuwa yule anayebeba trei.

Nilimweleza babu haya nikiwa nimekasirika. Akacheka. Akaniuliza, “Na wewe unadhani enzi zile tungekukaribisha kwenye muratina?” Pombe hiyo ya asali, inayochachushwa kwa tunda la mratina lililokaushwa, ilikuwa ya wazee. Ilinywewa kwa mahari, kwa kesi, kwa baraka. Kijana alitumwa maji, na akishaleta anaenda zake. Nilinyamaza.

Siku hizi hakuna anayeulizwa rangi wala rika, mradi awe ametimiza miaka 18. Lakini Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu Embu, Kiambu na kwingineko. Wengine walipofuka. Walikuwa wakinywa cha bei rahisi, kwenye vibanda, mbali na bustani za hoteli.

Nikipita Izaak Walton hakuna askari wa kunirudisha. Naangalia tu mfukoni, nahesabu nauli ya kurudi, halafu naendelea na safari. Wenzangu wananingoja mahali pengine, na huwa hatuulizi kilichomo kwenye glasi.