Maua ya Wapita Njia

Septemba 1891, gazeti la Le Petit Journal liliandaa mashindano ya baiskeli kutoka Paris hadi Brest na kurudi, mwendo wa kilomita 1,200 hivi. Charles Terront alishinda kwa saa 71 na dakika 22. Mhariri Pierre Giffard alitaka gazeti liuzike. Michelin, ambao tairi zao Terront alizitumia, walitaka tairi ziuzike. Majina yao wote tunayo. Ya wanavijiji waliosimama kando ya barabara kumwona akipita hatunayo.

Nikiwa mwanafunzi wa uzamili wa historia, ukimya huo unanisumbua, kwa sababu waliouweka hai msafara huu ni hao wasiotajwa.

Mashindano ya wanamichezo wa kulipwa yalifikia mwisho mwaka 1951. Lakini tangu 1931 watu wa kawaida nao walikuwa wakiifuata njia hiyo, wakisimamiwa na Audax Club Parisien. Siku hizi wanasafiri kila baada ya miaka minne, mwezi Agosti. Hakuna zawadi ya fedha. Muda mrefu kabisa unaoruhusiwa ni saa 90. Mwaka 2023 walioanza safari pale Rambouillet walizidi 6,000.

Vijiji vya njiani huwapokea kwa maua. Baiskeli kuukuu hupakwa rangi, vikapu vyake hujazwa maua, kisha huegeshwa njia panda au kutundikwa ukutani. Villaines-la-Juhel, mji mdogo ulio kilomita 200 hivi kutoka Rambouillet, hugeuza siku hizo kuwa sikukuu: wakazi hujitolea, na watoto huwabebea sinia za chakula waendeshaji waliochoka.

Ua halipandwi siku mgeni anapobisha hodi. Ili lichanue Agosti, lazima mtu alipande na kulimwagilia wiki nyingi kabla, kwa ajili ya watu asiowajua, ambao wengine watapita saa nane usiku na kuliona kwa mwanga wa taa ya baiskeli tu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Giffard alihitaji mshindi mmoja ili auze gazeti. Mwenye kikapu cha maua hahitaji mshindi. Maua yaliyompokea wa kwanza yanamngoja pia wa mwisho, anayejikokota saa ya 89. Kwangu mimi, huyo aliyeshika ndoo ya maji naye ni sehemu ya historia ya safari hii, na anastahili kuandikwa.