Mandolini ya bei mbaya na swali la mzee

Najua nimeadimika, mazoezi ya kufundisha yalinibana. Nimerudi kampasi kutoka nyumbani Kalangalala, pale Geita, nikiwa na laki tisa mkononi: bumu nililolibana mihula miwili, pamoja na alichoniongezea mzee baada ya duara lao kutema kidogo. Nataka mandolini, tena ya maana, uso wa mbao nzima. Gitaa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa la plaiwudi, kiangazi kimoja tu shingo ikapinda. Hela ikaenda na maji.

Mzee hakuuliza bei. Aliuliza: "Nani atakufundisha? Na ikiharibika utampelekea nani?" Nikaona ananibania. Ila si nasoma historia? Nikakumbuka Unguja walishawahi kulijibu swali hilo.

Sultani Barghash (alitawala 1870 hadi 1888) alikolea muziki wa Misri. Hakuishia kuwaleta wapigaji wa Kimisri kwenye jumba lake. Alimtuma Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kanuni, na jamaa aliporudi akawafundisha wenzake. Ndipo mwaka 1905 vijana wa mjini wakaanzisha Ikhwani Safaa, nao wakaagiza vyombo huko huko Misri. Yaani chombo kilikuta mkono unaokijua! Kikundi hicho kipo mpaka leo.

Lakini kuna aliyeumia. Pwani palikuwa na kibangala, kinachongwa kwenye gogo moja na kuwambwa ngozi. Fundi wake yuko hapo hapo mtaani, ngozi ikipasuka unawamba nyingine. Kwenye vikundi vikubwa vya taarab udi wa Misri ukakifunika kabisa. Mimi hapo bado naumia, nikimaliza shahada nitakiandikia zaidi.

Sasa mandolini ni ndugu wa udi: nyuzi zinakaa mbili mbili, unapiga kwa kidonoa. Zinazosifiwa kuliko zote ni Gibson F-5 alizotia saini Lloyd Loar kati ya 1922 na 1924 huko Marekani. Moja inapita dola 100,000. Hiyo kwetu ni duara na mashine zake zote, tuachane nayo.

Kilichonifungua macho ni hiki: jozi nne za mandolini zinafungwa sauti zile zile za fidla, G, D, A, E. Na wapiga fidla tunao, taarab imewalea miaka yote hiyo, na hapa kampasi kuna dada mmoja wa kwaya anakung'uta fidla si mchezo. Vidole vya kushoto anaweza kunionyesha yeye. Nimemwomba, kasema Jumamosi baada ya mazoezi.

Nusu ya swali la mzee nimeijibu. Ya fundi bado, kwa hiyo laki tisa iko benki. Mwenye kumjua fundi wa vyombo vya nyuzi Kanda ya Ziwa anishtue, jamani.