Nani Alipanga Viti? Historia ya Madevelopa wa Ngong Road

Leo nimeweka vichekesho kando kidogo. Kuna deni nataka kulipa.

Ukiskia mtu akisimulia historia ya teknolojia Nairobi, karibu kila mara anaanza na M-Pesa, Machi 2007. Hapo anaruka, anataja mamilioni ya dola, anamalizia na picha ya msee wa hudi kwenye ofisi ya vioo pale Westlands. Si uongo. Lakini ni kama kusimulia harusi kwa kutaja bibi na bwana harusi tu, bila kutaja waliokesha wakimenya viazi. Mimi nataka tuongee kuhusu waliomenya viazi.

Nianze na mimi, ndio mjue nasimama wapi. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa. Nikarudi Kangemi kwa mathe na laptopu ya mtumba ambayo betri yake ilikuwa imekufa kabla sijainunua. Karibu kila kitu ninachojua kuhusu kuandika programu nilifunzwa na watu ambao hawakunidai hata bob. Kwa muda mrefu nilidhani hiyo ni bahati yangu tu. Baadaye nikagundua ina historia. Ina tarehe, ina majina, na ina watu waliochoka.

Kabla ya majengo

Rudi Januari 2008. Uchaguzi wa Desemba 2007 umeharibika, nchi inaungua, na serikali imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ory Okolloh, wakili aliyekuwa akiandika blogu, anauliza wasomaji wake kama kuna madevelopa wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha vurugu zinatokea wapi. Wanaitika wenzake: Erik Hersman, Juliana Rotich, na David Kobia ambaye wakati huo alikuwa anaishi Marekani. Baada ya siku chache tu Ushahidi iko hewani, na mwananchi anaweza kutuma ripoti kwa ujumbe mfupi wa simu. Miaka miwili baadaye, tetemeko lilipopiga Haiti mnamo Januari 2010, programu hiyo hiyo ya Kenya ilitumika kule.

Watu husifu ile kasi, siku chache tu. Mimi naona kitu kingine. Hao watu hawakujuana siku ile. Walikuwa wanasomana na kubishana kwa blogu kabla ya moto kuwaka. Ukingoja janga ndio uanze kutafuta marafiki wa kujenga nao, umechelewa. Jamii ilikuwepo kwanza, programu ikafuata.

Ghorofa ya nne

Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa. Kabla ya hapo nchi ilikuwa inategemea satelaiti, ghali na polepole. Kwa hivyo iHub ilipofungua milango Machi 2010, ghorofa ya nne ya Bishop Magua Centre pale Ngong Road, ilikuwa na kitu ambacho kijana wa kawaida hakuwa nacho nyumbani: intaneti ya kasi, meza, na watu wa kuuliza. Hersman ndiye aliyeongoza kuianzisha. Pesa za kuanza zilitoka kwa mashirika kama Omidyar Network na Hivos.

Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza, sikuiona ikianza. Lakini ukikaa na walioizoea, hawaanzi kukuambia kuhusu intaneti. Wanakuambia kuhusu ile kahawa, na vile ungekaa karibu na mtu usiyemjua, ukwame, uulize, na yeye ageuze kiti.

Mwaka huo huo wa 2010 kikundi cha wanawake wa teknolojia hapa Nairobi kilianzisha AkiraChix, kwa sababu ukiangalia kila chumba cha madevelopa ungehesabu wanawake kwa vidole vya mkono mmoja. Hawakulalamika wakaishia hapo. Walianza kufundisha wasichana, wengi wao kutoka familia zisizo na uwezo. Mwaka 2014 Moringa School ikaja, na kwa miaka mingi imekuwa pale pale Ngong Road. Ndio maana ukipanda mat ya kuelekea Ngong au Kawangware asubuhi unaona vijana wengi wamebeba laptopu kifuani kama mtoto mchanga.

Mwinjilisti na makanga

Sasa kuna kazi moja nataka uielewe, kwa sababu ndiyo katikati ya hii story. Kampuni ikitengeneza kitu ambacho madevelopa wengine watajengea juu yake, inahitaji mtu wa kukaa kati yao. Anaandika maelezo, anaonyesha mifano, anajibu maswali usiku, anaandaa mikutano. Kazi hiyo inaitwa uhusiano na madevelopa. Apple ilikuwa nayo tangu miaka ya 1980, na Guy Kawasaki, aliyehubiri kompyuta za Macintosh kwa watengenezaji wa programu, alijulikana kama mwinjilisti. Sisi wa Nairobi tunajua winjilisti. Pita Jeevanjee Gardens saa ya lanchi uone.

Lakini mimi nadhani neno sahihi ni makanga.

Fikiria. Makanga mzuri anafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuita abiria steji, na hiyo kila mtu anaiona. Ya pili ni kugonga bodi ya gari ili dere asimame. Abiria anataka kushuka, makanga anagonga, dere anasimama. Makanga anayejua kuita tu lakini hagongi, huyo anateka watu nyara.

Mtu wa uhusiano na madevelopa ni hivyo hivyo. Kazi yake si kujaza ukumbi na kugawa stika tu. Akisikia madevelopa wanalia kwamba kitu kimeharibika, lazima agonge bodi. Na kampuni lazima iwe na dere anayesikia.

Mfano wa nyumbani ni Africa's Talking, iliyoanzishwa 2010. Walichofanya ni kumpa developa wa kawaida njia ya kutumia ujumbe mfupi, USSD na ertaimu kutoka kwa programu yake, bila kuzunguka ofisi za kila kampuni ya simu akibembeleza. Waliweka mahali pa kujaribia bure, na wakaandaa hakathoni katika miji mingi ya Afrika. Hiyo sehemu ya kujaribia inaonekana ndogo, lakini kwa mtu asiye na pesa ndiyo mlango. Unaweza kukosea mara mia na usilipe kitu.

Daraja lilichukua miaka kumi

M-Pesa yenyewe inatufunza upande wa pili. Ilizinduliwa 2007. Kwa miaka mingi ukitaka programu yako ipokee malipo ya M-Pesa ulikuwa unahangaika. Wengine walikuwa wanaweka simu mezani, M-Pesa ikiingia, programu inasoma ule ujumbe na kuchambua jina na kiasi. Neno moja likibadilishwa kwa ujumbe, biashara inalala. Seva zenyewe zilikuwa Ujerumani mpaka 2015, Safaricom ilipohamia mfumo mpya na kuzileta Kenya.

Mwaka 2017 ndio Daraja ikazinduliwa: mlango wazi wa kiteknolojia, na mahali pa kujaribia. Miaka kumi. Katikati ya hiyo miaka kumi kulikuwa na madevelopa waliolalamika kila mkutano, kila iventi, mpaka wakachosha watu. Sisi tuliokuja nyuma tunapita juu ya hilo daraja bila kuuliza nani alipiga kelele lijengwe.

Kama umewahi kuandika kodi ya malipo hapa Kenya, na simaanishi kodi ya nyumba, namba 174379 unaijua kama namba ya mathe. Ndiyo ya kujaribia. Hapo ndipo mimi nilikwama, siku tatu. Ombi la malipo linafika kwa simu, naweka PIN, shilingi moja inatoka, lakini programu yangu haipati jibu. Nikaenda mkutano mmoja wa madevelopa wa bure pale tauni, nauli nimekopa. Dada mmoja alikuwa anakunja waya za spika, kila mtu ameenda. Nikamuuliza. Akaacha waya, akavuta kiti, akasoma kazi yangu mstari kwa mstari. Shida ilikuwa rahisi: nilikuwa nimeambia mfumo upeleke jibu kwa anwani ambayo iko ndani ya laptopu yangu tu. Huko nje hakuna anayeweza kuifikia. Akanionyesha jinsi ya kuifungulia njia. Dakika arobaini. Kisha akarudi kwa waya zake.

Baadaye nilijua hakuwa analipwa.

Mdhamini akiondoka

Hapa ndipo story inakuwa chungu. Mwaka 2019 iHub ilinunuliwa na CcHUB ya Lagos. Mwaka huo huo Andela, iliyokuwa imeahidi kukuza madevelopa chipukizi wa Afrika, iliachisha kazi mamia yao Nigeria, Uganda na Kenya, kwa sababu soko lilitaka wenye uzoefu. Pia 2019 Microsoft ilifungua kituo chake cha uhandisi Nairobi, na 2022 Google ikatangaza chake. Kwa hivyo kazi nzuri zilikuja. Lakini 2022 na 2023 kampuni kubwa za teknolojia duniani zilifuta watu kwa maelfu. Bajeti ikikatwa, pesa za samosa na ukumbi hazichelewi kufuata.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa balozi wa jamii wa kampuni moja ambayo sitaitaja. Malipo yalikuwa tisheti, stika, na ahadi ya kufunguliwa milango. Kwa mwaka mzima nilijaza kumbi. Nilijibu maswali saa saba usiku. Nilikusanya malalamiko ya watu, nikayaandika vizuri, nikayatuma. Hakuna aliyejibu. Nilikuwa makanga wa kuita tu, nikigonga bodi na gari haisimami. Kisha siku moja nikapata barua pepe ya aya mbili: mradi umefungwa, asante kwa safari. Nikapiga hesabu ya nauli niliyotoa mfukoni mwaka huo, nikanyamaza.

Iliniuma, na niliwaza kuacha. Ila nilipofungua kundi letu la WhatsApp ili niwaage, nikakuta kijana wa Uthiru ameuliza swali kuhusu 174379, na watu watatu wameshamjibu. Kampuni imeenda, na jamii haikujua kwamba inafaa kufa.

Kile kilichobaki

Kama unadhani haya ni mambo ya samosa tu, kumbuka Juni 2024. Mswada wa Fedha ulipokuja, madevelopa vijana walitengeneza programu za akili bandia za kueleza ule mswada kwa lugha ya kawaida, wengine wakaweka orodha za kusaidia mwananchi kufikia mbunge wake. Hakuna mdhamini aliyewatuma. Mwaka uliofuata, Rose Njeri alitengeneza ukurasa wa kumsaidia mwananchi kutuma maoni yake bungeni kuhusu mswada wa 2025. Akakamatwa tarehe 30 Mei na kushtakiwa kwa sheria ya makosa ya mtandaoni. Madevelopa walimpigia kelele kila mahali. Tarehe 20 Juni mahakama ikatupa kesi, ikisema mashtaka hayakuonyesha kosa.

Hiyo ni barabara moja kutoka Januari 2008. Nchi inapata shida, mtu anauliza nani anaweza kujenga, na wanaojuana wanaitika. Huwezi kununua hiyo wiki ya shida. Inajengwa Jumamosi za kawaida, na watu wanaokunja waya.

Kwa hivyo sisemi kampuni zisije. Zije, zilipe ukumbi, zilipe watu. Lakini ukiitwa uwe balozi wa kampuni, uliza maswali matatu kabla ya kuvaa tisheti. Moja, nalipwa ngapi, hata kama ni nauli? Mbili, nikileta malalamiko, nani kwa jina atayasoma? Tatu, mradi ukifungwa, kundi na mafunzo tuliyoandika yanabaki ya nani? Wakikosa jibu la la pili, jua hakuna dere.

Na kama wewe ni mwanafunzi, ama uliacha shule kama mimi, usiogope kuingia chumba ambacho hujui mtu. Ingia. Uliza swali la kijinga. Halafu mkutano ukiisha, usitoke mbio kuwahi mat. Kunja viti.

Yule dada wa waya nilimtafuta mwaka jana nimwambie asante. Hakunikumbuka. Alicheka, akaniuliza kama ile shilingi moja ilirudi.

Comments ziko wazi. Usiweke jina lake, niambie tu kitu alichokufunza mtu ambaye hakukudai.